Taa ya gia boksi iliponiwakia Kitonga

Kazi yangu ni kukodisha maturubai na viti vya sherehe, makao Iringa. Viti 300, nguzo za chuma na maturubai yake vikipangwa kwenye trela ni tani moja na ushee. Kinachovuta ni Prado ya mwaka 1998, dizeli ya 1KZ, otomatiki ya gia nne. Kwa harusi za Kalenga na Ilula haikuwahi kulalamika. Siku niliyotoka Dar na mzigo mpya ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nabahatisha.

Ukitoka Ruaha Mbuyuni na kuliacha bonde la mibuyu, barabara inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima Kitonga, na mbele yako kuna malori ya Zambia na Kongo yanatambaa. Kuovateki hakuna. Nikiwa nyuma ya lori moja, kilomita 15 kwa saa, ikawaka taa ya A/T OIL TEMP, yaani oili ya gia boksi imepata joto kupita kiasi. Mshale wa joto la maji ya injini ulikuwa katikati, umetulia kama hakuna kitu. Nikapata upenyo nikaegesha, nikaweka P, injini nikaiacha inaunguruma, maana ukiizima, pampu ya oili inasimama na oili inabaki kuchemka palepale.

Iringa, fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akanusa. “Bosi, hii oili imekuwa kahawa.” Ilitakiwa iwe nyekundu. Tukafungua sufuria ya chini: kwenye sumaku kulikuwa na tope jeusi, vipande vya chuma hakuna. Hapo nikashukuru Mungu, nikabadilisha oili na filta.

Kwenye otomatiki, injini haishiki gia chuma kwa chuma. Katikati yake kuna konvata, kama pangaboi mbili zinazotazamana ndani ya oili: inarusha oili, oili inazungusha gia. Ukiwa na kasi nzuri barabarani, kuna klachi ndani ya konvata inayobana na mtelezo unaisha. Ukitambaa mlimani na mzigo, klachi hiyo haibani, oili inasagwa tu na nguvu ya injini inageuka joto. Na ukitambaa, upepo wa kupoza nao ni haba. Kitonga nyuma ya lori unayapata yote mawili kwa pamoja.

Kila mtu aliniambia nifunge oili kula, yaani rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia boksi. Mimi nikaanza na geji ya joto la oili hiyo, na katika hela zote nilizotumia, hiyo ndiyo siijutii hata kidogo. Fundi umeme aliweka kihisio kwenye bomba linalotoa oili gia boksi. Mjini bila trela ilisoma nyuzi 82. Safari iliyofuata ya Kitonga, na mzigo, nikiwa D, ilifika 124. Nikabonyeza O/D OFF, inayozuia gia ya nne, na kurudisha mkono wa gia kwenye 2. Injini ikapiga kelele hadi mke wangu akaniangalia, lakini nyuzi zikashuka mpaka 114. Injini ikizunguka haraka, mtelezo wa konvata unapungua, na feni nayo inavuta zaidi. Miaka yote nilikuwa naionea huruma injini huku naichoma gia boksi.

Oili kula niliipata mtaa wa Gerezani, Dar, ya mtumba, ile ya sahani, ukubwa wa daftari la kaunta. Mtumba una hatari yake: kama ilitoka kwenye gia boksi iliyokufa, unaweza kujiletea vyuma vyake. Tuliisafisha kwa mafuta ya taa na kuipuliza kwa kompresa mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi. Mwenye uwezo anunue mpya.

Fundi wa kwanza aliifunga chini ya bampa, kwa hozi ya petroli. Kitonga ikasoma 117 hata nikitumia 2. Yaani nilikuwa nimenunua pambo. Wiki ya tatu nikakuta matone mekundu uwanjani kama mtu kachinja kuku. Hozi ilikuwa imevimba na kulainika kama andazi.

Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima pale Ipogolo. Nikamwamkia, akainama chini ya bampa, akacheka. “Mwanangu, umeificha upepo. Na hozi hii si ya oili ya moto.”

Akaihamishia mbele ya kondensa ya AC, ile iliyo mbele ya rejeta, ambapo feni ya injini inaivutia hewa hata gari likitambaa. Aliishika kwa vyuma na mipira, akakataa vile vikamba vya plastiki vya kuchoma katikati ya mapezi, kwa kuwa vinasugua mpaka vinatoboa. Hozi akaweka ya oili ya gia boksi, klipu mbili kila ncha.

Kiwandani oili ya gia boksi imepitishwa ndani ya rejeta ya injini, na kuna walionishauri niiruke rejeta kabisa. Nilikataa. Asubuhi za Juni na Julai Iringa ni baridi kweli, na rejeta ndiyo inayoipasha oili moto mapema. Kwa hiyo oili inapita kwanza rejeta, halafu oili kula, ndipo inarudi. Kuijua njia ya kurudi, tulichomoa bomba moja kwenye rejeta, chupa chini, nikawasha sekunde mbili. Oili ikatoka kwenye rejeta, si kwenye bomba. Basi hapo ndipo.

Tuliongeza karibu nusu lita, tukapima injini ikiwa moto na inaunguruma, baada ya kupitisha mkono gia zote na kurudi P.

Sasa Kitonga na trela, nyuma ya lori, nikiwa 2, ni 103. AC imepungua ubaridi kidogo kwenye foleni, nimevumilia.

Mwezi uliopita nilimwazima shemeji gari na trela. Akanipigia akiwa ameegesha njiani, nusu ya mlima. “Shemeji, hii geji yako ilifika 112, nimwage maji mbele?”

“Mkono uliuweka wapi?”

“D.”

Nikamwambia asimwage kitu, aweke 2, aendelee kupanda.