Daftari la viazi la mama mdogo na aina za data katika Python

Mama yangu mdogo hununua viazi mviringo kwa wakulima wa Isyonje na Kikondo, huvikusanya Uyole, Mbeya, kisha huvipakia kwenye malori yanayoelekea Dar es Salaam. Hesabu zake zote amezitunza kwenye kaunta buku yenye jalada gumu, iliyochorwa mistari kwa rula, yenye tarehe, jina la mkulima, namba ya simu, kijiji, mbegu, idadi ya magunia, kilo, bei, na safu ya mwisho inayoonyesha kama mkulima amelipwa. Mwezi wa Juni, wakati baridi ya Uyole inapowaingiza watu ndani kabla jua halijazama, nilimwomba anikabidhi daftari hilo nimtengenezee programu ndogo ya kompyuta. Mimi ni mtunza hesabu, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimejifunza jioni baada ya kazi, kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Nilidhani kazi hiyo ingechukua siku mbili. Ilichukua wiki tatu, na karibu makosa yangu yote yalitokana na jambo moja: sikuwa nimejiuliza, kwa kila safu ya daftari, kitu kilichoandikwa pale ni cha aina gani na nitakifanyia nini.

Kwa Kiingereza python ni chatu, lakini chatu hana sehemu katika jina la lugha hii. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, alilichukua jina hilo kutoka katika kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemfundisha huniuliza.

Kosa la kwanza lilikuja dakika ya tano. Niliandika mistari michache ya kuuliza magunia ya asubuhi na ya jioni, kisha nikayajumlisha:

```
asubuhi = input("Magunia ya asubuhi: ")
jioni = input("Magunia ya jioni: ")
print(asubuhi + jioni)
```

Mama mdogo akaingiza 12, kisha 8, na kompyuta ikajibu 128. Kilichotokea ni kwamba amri ya `input` hurudisha maandishi siku zote, hata kama kilichoandikwa ni tarakimu tupu. Maandishi hayo Python huyaita `str`, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili huyaunganisha moja nyuma ya jingine, kama mtu anayeandika 12 na 8 pamoja bila nafasi. Ili yawe namba kamili, ambayo Python huiita `int`, inabidi useme hivyo waziwazi: `int(input("Magunia ya asubuhi: "))`. Hapo jibu linakuwa 20. Mtu akiandika "kumi na mbili" kwa herufi, programu itasimama na kutoa kosa la `ValueError`, na hilo ni jema zaidi kuliko kupata 128 na kuliamini. Maandishi yana tabia nyingine itakayokushangaza: ukipanga "9", "10" na "85" yakiwa maandishi, 9 inakuwa ya mwisho, kwa maana kompyuta hulinganisha herufi ya kwanza kwanza kama afanyavyo mtu anayepanga majina.

Nilipojifunza hilo, nikageuza kila kitu chenye tarakimu kuwa `int`, na namba za simu zikaharibika. Namba inayoanza na sifuri ikigeuzwa kuwa namba kamili hupoteza sifuri yake ya mwanzo, kwa kuwa katika hesabu 0754 na 754 ni kiasi kilekile. Namba ya simu huitwa namba kwa mazoea tu. Hakuna anayejumlisha namba mbili za simu wala kutafuta wastani wake. Ni `str`, na ndivyo zilivyo pia namba za leseni, za akaunti na za gari. Tangu siku hiyo kipimo changu kimekuwa swali moja: je, nitakifanyia hesabu? Kama jibu ni hapana, nakiacha kuwa maandishi.

Sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe katika maandishi. Python inaruhusu kuyafunga kwa alama moja au mbili za nukuu, lakini ukiandika `'samadi ya ng'ombe'` kwa alama moja, alama iliyo ndani ya ng'ombe itahesabiwa kuwa ndipo maandishi yanapoishia, na mstari mzima utakataliwa. Tumia alama mbili, `"samadi ya ng'ombe"`, na hutapata shida.

Kilo ndizo zilizonifundisha kuhusu `float`, yaani namba zenye desimali. Mizani ya zamani ya mama mdogo ya kuning'iniza husomeka kwa nusu kilo, na kwa hiyo haikuleta tatizo. Tatizo lilianza tulipoazima mizani ya kidijiti inayoonyesha sehemu ya kumi ya kilo. Andika `0.1 + 0.2` katika Python, nawe utajibiwa 0.30000000000000004. Lugha haijakosea. Kompyuta hutunza namba hizi kwa msingi wa mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, ndani ya nafasi ya biti 64 (tarakimu 64 za aina hiyo), na katika msingi huo sehemu ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyokuwa na mwisho tunapoiandika kwa desimali zetu: 0.333 na kuendelea. Nusu inaandikika kamili katika msingi wa mbili, robo pia, na ndiyo sababu mizani ya zamani ilinipa amani. Dawa niliyoichagua ni kutunza uzito kwa gramu, ukiwa `int`, na kuugawanya kwa 1000 wakati wa kuuonyesha tu. Fedha nazo nimezitunza kwa shilingi kamili, maana senti hatuzishiki tena mkononi. Katika kugawanya, kumbuka kwamba `7 / 2` hutoa 3.5, na `7 // 2` hutoa 3.

Safu ya malipo ndiyo iliyoniaibisha. Ina majibu mawili tu, amelipwa au hajalipwa, na Python ina aina maalumu kwa ajili ya hali kama hiyo, `bool`, yenye thamani mbili: `True` kwa kweli na `False` kwa si kweli. Nikaandika `amelipwa = bool(input("Amelipwa? "))`, mama mdogo akakaa usiku mzima akiingiza kurasa nne za daftari, akijibu ndiyo au hapana kwa kila mkulima. Tulipotafuta jumla ya madeni, tulipata sifuri. Akanitazama, akasema: "Mwanangu, hii mashine yako imenisamehe madeni yote. Na wakulima nao watanisamehe?"

Sababu ni kwamba `bool` haisomi maana ya neno. Inapopewa maandishi, huuliza jambo moja tu: je, kuna kitu humo ndani, au ni matupu? Neno "hapana" lina herufi sita, kwa hiyo ni kitu, kwa hiyo ni `True`. Hata neno "False" likiwa ndani ya alama za nukuu huwa `True`. Njia sahihi ni kulinganisha:

```
jibu = input("Amelipwa? ").strip().lower()
amelipwa = jibu == "ndiyo"
```

Alama `==` huuliza kama pande mbili zinalingana, `strip` huondoa nafasi za pembeni, na `lower` hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, maana kwa kompyuta "Ndiyo" na "ndiyo" ni maneno mawili tofauti. Kwa upande mwingine, `True` huhesabiwa kuwa 1 na `False` kuwa 0, hivyo `sum([True, False, True])` hutoa 2, na kwa njia hiyo unapata idadi ya waliolipwa bila kuandika mstari mwingine.

Bei ambayo haijakubaliwa isiandikwe 0. Sifuri ni bei, tena ni bei ya bure. Python ina `None`, ambayo maana yake ni kwamba hakuna thamani bado.

Baada ya aina hizi za thamani moja moja, unahitaji vyombo vya kuzibeba kwa pamoja. Cha kwanza ni orodha, yaani `list`, inayoandikwa kwa mabano ya mraba: `leo = [12, 8, 15]`. Hesabu ya nafasi huanzia 0, kwa hiyo `leo[0]` ni 12, `leo.append(20)` huongeza mzigo mpya mwishoni. Hapa pana jambo ambalo vitabu vya wanaoanza hulipita haraka mno kwa maoni yangu. Nilitaka kuhifadhi nakala ya siku ile kabla ya kuongeza mizigo, nikaandika `nakala = leo`, kisha nikaongeza 20 kwenye `leo`. Nilipoifungua `nakala`, 20 ilikuwemo. Alama ya usawa haikutengeneza orodha ya pili. Iliipa orodha ileile jina la pili. Jirani yetu nyumbani anaitwa Mama Tumaini na shuleni anaitwa Mwalimu. Ukimpa Mama Tumaini mwavuli, Mwalimu naye halowani. Ukitaka orodha mbili za kweli, andika `nakala = leo.copy()`.

Ndugu yake orodha ni `tuple`, inayoandikwa kwa mabano ya kawaida na isiyobadilishwa ikishatengenezwa. Nilikuwa nikiidharau mpaka nilipohitaji kutunza bei kwa kijiji na mbegu kwa pamoja. Kikondo ni kijiji, na Kikondo pia ni jina la mbegu ya viazi, kwa hiyo neno hilo peke yake halitoshi kukuambia unachokisoma. Jozi `("Isyonje", "Kikondo")` inatosha, maana nafasi ya kwanza ni ya kijiji na ya pili ni ya mbegu. Na kwa kuwa jozi hiyo haibadiliki, inaweza kuwa ufunguo wa kamusi (chombo nitakachokieleza sasa hivi), jambo ambalo orodha hailiwezi.

Kamusi, ambayo Python huiita `dict`, ndiyo moyo wa programu yangu. Hufanya kazi kama kamusi ya maneno: unatafuta kwa ufunguo, unapewa thamani. Mwanzo nilitumia majina ya wakulima kuwa funguo, na wakulima wawili walioitwa Atupele wakawa mmoja. Wa pili alifuta deni la wa kwanza kimyakimya, bila kosa lolote kuonyeshwa, kwani ufunguo mmoja hubeba thamani moja tu. Sasa ufunguo ni namba ya simu, ikiwa `str`. Ukiulizia ufunguo usiokuwepo kwa mabano ya mraba utapata `KeyError`. Ukitumia `get` utarudishiwa `None`. Tangu toleo la 3.7, kamusi hutunza mpangilio ulioingiziwa vitu, kwa hiyo wakulima hutoka kwa utaratibu uleule wa daftari.

Seti nitaigusa kwa ufupi, kwa sababu wengi wetu tuliisoma kwenye hisabati. Haina marudio wala mpangilio, na kutoa seti moja kwenye nyingine ni alama moja tu: `waliouza - waliolipwa` hukupa wanaodai. Angalia tu kwamba `{}` ni kamusi tupu; seti tupu ni `set()`.

Kumbukumbu ya mzigo mmoja sasa iko hivi:

```
mzigo = {
    "tarehe": (14, 6),
    "kijiji": "Isyonje",
    "mbegu": "Kikondo",
    "magunia": 12,
    "gramu": 1164500,
    "bei": None,
    "amelipwa": False,
}
```

Nilimsomea mama mdogo mstari kwa mstari, akakubali yote hadi alipofika kwenye magunia. Akauliza gunia la lumbesa, lililojazwa hadi kushonewa kilemba juu, nitaliandika moja au moja na kitu. Nilifikiria kuibadilisha safu hiyo kuwa `float`, kisha nikaiacha `int`, maana magunia huhesabiwa na uzito hupimwa, na safu ya gramu ipo. Yeye hajaridhika, ameongeza kwa mkono wake safu ya kumi kwenye daftari la karatasi, na ameiandika juu yake neno moja, lumbesa, akingoja niiingize nayo.