Tazama Mfaa wa Mlango Kabla ya Kutazama Kiuno

Maharusi wengi wa Unguja hupigwa picha mbele ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na mlango huo ni shahidi mzuri sana wa picha iliyohaririwa. Ule mti wa katikati, mfaa, seremala kausimamisha wima. Ukiona kwenye picha umepinda palepale unapopita kando ya kiuno cha biharusi, basi kiuno kile kimebanwa kwa programu. Anayehariri huweka duara juu ya mwili na kusukuma kwa ndani, na kila kilichomo ndani ya duara kinasukumwa pamoja: nyama, nguo, mbao na misumari ya shaba. Ukingo wa baraza, mistari ya vigae na fremu ya dirisha hupinda vivyo hivyo.

Programu mpya zinaweza kuutenga mwili na kilicho nyuma yake, mlango ukabaki wima. Hapo soma nguo. Aliyejifunga kanga, jina la kanga, yaani maandishi yake, likikaa usawa wa nyonga, litazame: herufi za jina moja huchapwa kwa upana unaofanana. Nyonga zikiongezwa, herufi za hapo hunenepa na zile za ubavuni hubaki nyembamba. Kanga iliyokunjika kweli hupinda herufi pia, lakini mkunjo wa kweli una kivuli chake. Herufi iliyotanuka bila mkunjo wala kivuli haikutanuliwa na mwili.

Nataka dada zetu, hasa walio skuli, wazijue alama hizi kwa sababu wanajilinganisha na miili ambayo haipo. Hata mwenye picha mwenyewe hana mwili ule.

Kabla programu haijaguswa, kamera nayo ina mambo yake. Msichana anajipiga picha kwa mkono wake, anaona pua imejaa uso, anaanza kuichukia. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2018 ilionyesha kwamba uso ukipigwa kutoka sentimita 30 hivi, pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita 1.5. Kwa umbali ule mfupi, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa tofauti kubwa, kwa hiyo inakuzwa kuliko sehemu nyingine za uso. Iegemeze simu kwenye kitu, rudi nyuma hatua mbili, weka ihesabu sekunde 10 kabla ya kupiga, kisha ikate picha ibaki sehemu ya uso. Huo ndio uso ambao watu wanauona unapozungumza nao barazani.

Mwanga nao una kazi kubwa. Saa sita mchana jua letu linakaa karibu na utosi, kwa hiyo macho huingia kwenye kivuli na kila kipele kinapata kivuli chake. Saa kumi na nusu jioni pale Forodhani, jua likiwa upande wa bahari, uso ukielekezwa kwenye mwanga vivuli vile vinapotea. Ngozi ni ile ile, saa tu ndiyo imebadilika. Ongeza kamera iliyoshikwa chini usawa wa nyonga, inayorefusha miguu, mguu mmoja mbele, pumzi iliyozuiliwa, mkanda wa tumbo ndani na vibanio mgongoni vinavyolikaza gauni, halafu katika picha nyingi ichaguliwe moja. Hapo bado haijahaririwa.

Ngozi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Programu ya kulainisha hutafuta tofauti ndogo za mwanga baina ya nukta zilizo jirani na kuzisawazisha. Haijui chunusi wala kitundu cha ngozi, inajua tofauti tu. Ndiyo maana ikipita mikononi hula na hina: ncha kali za maua ya piko hutoka na ukungu, na pete za mkufu wa dhahabu hushikana. Ukiona shavu halina hata kitundu kimoja na nyusi zimepoteza nywele moja moja, umeona kazi ya programu. Ngozi ya mtu mzima aliye hai ina vitundu, na michirizi ya mapajani huja mwili unapokua upesi, wakati wa balehe au mimba. Haionyeshi uchafu wala uzembe.

Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo la biashara lenye mwili wa mwanamitindo uliopunguzwa au kuongezwa lazima liandikwe kwamba limehaririwa, na Norway ikaweka sharti kama hilo Julai 2022. Picha ya harusi kwenye status ya WhatsApp haina maandishi hayo.

Uso mweupe wa biharusi ndipo ninapoogopa zaidi. Mpambaji akipaka fondesheni iliyo nyeupe kuliko shingo, akamalizia poda inayorudisha mwanga wa flashi, na mhariri akaongeza ung'avu, uso unatoka rangi isiyo ya mtu yeyote wa ukoo ule. Angalia masikio na vifundo vya vidole, vitakwambia rangi ya kweli. Tatizo ni kwamba picha ile inamuuzia mwengine mkorogo. Krimu hizo huweza kuwa na zebaki, inayodhuru figo na mtoto aliye tumboni, au clobetasol, dawa ya hospitali inayoifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaleta michirizi na vidonda visivyopona upesi. Kwenye boksi zebaki huandikwa pia mercury, mercurio au calomel, na kopo lisilo na orodha ya viambato liache dukani. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wanaosimamia vipodozi, wapelekee kopo unalolitilia shaka. Aliyekwisha kutumia kwa miezi amuone daktari wa ngozi na kopo lake mkononi. Clobetasol ikikatwa ghafla ngozi huwaka na kuwa nyekundu, na wengi hapo hurudi dukani kununua tena.

Kwenye simu yako, fungua kamera ya mbele utafute alama ya urembo, mara nyingi ni uso mdogo au kijiti chenye nyota, ukashushe kila kipimo hadi 0. Simu nyingi huja nacho kimewashwa, kwa hiyo kuna wasichana ambao hawajawahi kuiona picha ya uso wao wenyewe.

Na mpiga picha wa harusi zungumza naye kabla ya kumlipa amana. Mwambie: chunusi ya leo iondoe, jasho lifute, ila umbo, pua, alama za kuzaliwa na rangi ya ngozi usiguse. Itakayopona wiki mbili zijazo unaweza kuiondoa, iliyo yangu iache. Akuonyeshe picha moja iliyohaririwa kabla hajaendelea na nyingine, uilinganishe na mkono wako mwanga wa mchana, si chini ya taa. Mwombe na picha za asili zote, na zikija kwa WhatsApp azitume kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na vitundu vya ngozi hupotea hata bila mhariri.