Programu Ikikata Roho, GDB Awe Kando Yake

Papa mwenye duka la dawa kule Kadutu alinipigia saa kumi na moja jioni: “Binti yangu, mashine imekwama tena, lakini usisumbuke, nimeshaiwasha.” Roho iliniuma. Kila akiiwasha upya, nyayo zinafutika, nami natoka Panzi na mvua ya Bukavu mgongoni, nafika nakuta programu niliyoiandika inauza dawa kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kilichobaki kwenye logi ni mstari mmoja wa glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C kwenye Linux: kipande cha kumbukumbu kimeachiliwa mara mbili. Glibc ikigundua hivyo huita abort(), prosesi (programu inayokimbia) inajipelekea SIGABRT, signali namba 6, yaani ujumbe wa kuivunja, inakufa. Ni nani aliyeachilia mara ya kwanza? Logi haisemi.

Ningeweza kuiachia kerneli, kiini cha Linux, iandike faili la core. Pale ulimit -c, kikomo cha ukubwa wa faili hilo, ilikuwa 0, na kuipandisha ni amri moja tu. Sikutaka. Core inabeba kumbukumbu ya programu, na ndani yake mna majina ya wagonjwa na dawa wanazonunua, hata zile ambazo mtu hapendi jirani yake azijue. Faili kama hilo silibebi kwenye flashi nikipanda nalo teksi.

Basi nikaamua programu yenyewe imwite GDB, chombo cha kuchunguza programu nyingine, papo hapo, kabla haijafa. Nimeshika SIGABRT kwa sigaction, yaani nimeipa signali hiyo funksheni yangu ya kuipokea. Ndani ya funksheni ile nafanya fork, prosesi inazaa nakala yake, na mtoto huyo anageuka kuwa gdb -batch -p na namba ya mzazi, anatekeleza “thread apply all bt”, amri inayoonyesha kila uzi (njia moja ya kazi ndani ya programu) ulikuwa kwenye funksheni gani, majibu yanaingia kwenye faili la maandishi. Mzazi anamngoja kwa waitpid, kisha anaendelea na kifo chake.

Jaribio la kwanza GDB alikataliwa, na nilikesha kwa hilo. Kwenye Ubuntu, mpangilio wa ptrace_scope, unaosema nani aruhusiwe kuchunguza prosesi ya nani, huwa 1: prosesi inaruhusiwa kuwashika watoto wake tu, na hapa mtoto ndiye anayetaka kumshika mzazi. Dawa yake ni kuita prctl yenye PR_SET_PTRACER, mzazi akitamka kwamba namba hii namruhusu. Jambo lingine: ukiwa ndani ya signali usiguse malloc, inayogawa kumbukumbu, wala printf, inayochapa maandishi. Kumbukumbu imeshaharibika, na kufuli la malloc huenda limeshikwa. Utaganda hapo hapo, Papa azime mashine, na nyayo zipotee tena. Amri yote ya GDB, hadi namba ya prosesi, naiandaa programu inapoanza.

Siku ya nne faili likaja. Nyuzi mbili. Mmoja ulikuwa unachapa risiti, mwingine unabadilisha bei ya dola kwa faranga, kwa maana mama anayepokea pesa kwenye kasa huibadilisha jioni kabla ya kufunga hesabu. Zote mbili zilikuwa ndani ya funksheni ileile, kila mmoja ukiachilia maandishi yaleyale ya bei. Nilikaa nikiitazama ile mistari kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Miezi miwili nilikuwa naishuku printa!

Nimeweka kufuli kwenye bei. Ile funksheni ya SIGABRT sijaiondoa, na wiki hii naipeleka kwenye programu nyingine mbili ninazotunza, moja kule Bagira.