Nani Akate Kwanza?

Sikukuu ya mwaka jana nilijiaibisha. Niliwaandalia wageni donge la jibini, lile la kuviringishwa kwenye lozi na kuliwa kwa biskuti za chumvi, na kabla hawajakaa vizuri lilikuwa limeshabonyea na kutandaa kwenye sahani. Mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama ile ni siagi.

Safari hii sikutaka mzaha. Nilianza siku moja kabla. Jibini laini ya kupaka, gramu 225, niliiacha mezani mpaka ikawa teketeke, halafu nikakwaruza jibini ngumu ya cheda gramu 200 kwa mkono. Mwaka jana nilinunua iliyokwisha kukwaruzwa. Kumbe ile hunyunyiziwa wanga ili isigandane ndani ya pakiti, na mimi shida yangu ilikuwa igandane! Ncha ya kucha ya kidole gumba ilikwenda na maji, lakini haya. Kitunguu saumu punje moja, pilipili manga, majani ya kitunguu. Chumvi sikugusa, cheda inayo yake.

Nikafunga kwa nailoni, nikalaza kwenye friji usiku kucha. Saa 2 zingetosha, ila nilikuwa na kisasi. Lozi nilizitenga, maana zikilala humo hunyonya unyevu na kulegea. Nilizikaanga bila mafuta, zikapoa kabisa, nikaviringisha saa moja kabla ya wageni, na juu nikabandika punje za komamanga.

Nikiwa na mikono imejaa lozi niliwakumbuka wale watu wa Cheshire, Massachusetts, waliompelekea Rais Thomas Jefferson wa Marekani jibini moja ya kilo 560 hivi mwaka 1802. Kwa ukubwa wake waliikandamiza kwenye mtambo wa kukamulia maji ya tufaha. Langu lilikuwa halijafika hata nusu kilo na lilikuwa limeshanitoa jasho.

Lakini lilitoka mviringo, jamani. Nikaliweka katikati ya meza, kisu pembeni. Wakaja, wakasifu, wakapiga picha. Hakuna aliyekata. Dakika ishirini watu wazima wanatafuna biskuti kavu, kila mmoja akimsubiri mwenzake! Mtoto mmoja alichomoa punje ya komamanga, mama yake akamkata jicho, akairudisha palepale, imeshalowa mate.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba lile bovu la mwaka jana, lile la siagi, walilikomba mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Nikashika kisu mwenyewe, nikalichana ubavuni bila huruma, upande wa ile punje nikajiwekea mimi. Mikono ikaanza kushuka. Baada ya muda wa saa 2 nikarudisha masalio kwenye friji.

Leo asubuhi nimekuta kipande kama yai. Lozi zimeshalegea. Nimekipaka kwenye mkate, nikala nimesimama, mlango wa friji ukiwa wazi.