Hakuomba Petro Asianguke

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nawaandikia nikiwa na aibu. Jumatatu usiku nilimtumia ujumbe mama mmoja tunayehudumu naye kwenye maombi, mama wa umri wa kunizaa. Alikuwa amepanga upya zamu za kuongoza maombi bila kuniambia. Nilimwandikia kwamba kama kazi imemshinda, awaachie wanaoiweza. Nikatuma. Hazikupita dakika mbili dhamiri ikanishika, nikaufuta. Lakini simu zetu mnazijua: ukifuta, maneno yanaondoka, mahali pake unabaki mstari unaosema ujumbe umefutwa. Niliukodolea macho mstari ule mpaka usingizi ukanikimbia. Sikujua kama alikuwa ameshausoma. Nilichojua ni kwamba nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimepiga magoti naomba.

Hasira hii si ngeni kwangu. Nimeiombea tangu nilipookoka. Nimeifungia, nimewekewa mikono, nimelia. Basi usiku ule, badala ya kutubu kwanza, nililalamika. Nikamwambia Mungu: Wewe ni mkamilifu, huna upungufu wowote. Ulisema iwe nuru, ikawa nuru. Kwa nini hukusema neno moja juu yangu nikawa mtu aliyekamilika, yakaisha? Unapata utukufu gani kwa mtoto anayejikwaa pale pale kila mwaka?

Si mimi wa kwanza kuuliza. Wako wanaojibu kwa uhuru wa mtu: upendo wa kulazimishwa si upendo, na aliye huru kupenda yuko huru pia kukataa. Ni kweli. Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba uovu haukuumbwa na Mungu. Ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo, kama ugonjwa ulivyo upungufu wa afya, na kwamba Mungu aliona heri kutoa mema ndani ya mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote kabisa. Hilo nalo nalipokea. Ila usiku wa manane, simu iko mkononi, lililonigusa ni jibu la mzee aliyemtangulia, Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2. Aliuliza swali langu hili hili: je, Mungu hakuweza kumfanya mtu mkamilifu tangu mwanzo? Akajibu kwamba Mungu aliweza, mtu ndiye asingeweza kuupokea ukamilifu huo. Mama anaweza kumpa mtoto mchanga chakula kigumu, lakini mtoto bado hana uwezo wa kukila. Kwa Ireneo, mtu aliumbwa kama mtoto, ili akue.

Nikaenda Mathayo 5:48, ule mstari unaotutisha wengi: "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Ni amri, sikatai, lakini angalieni imekaa wapi. Imekuja mwishoni mwa fundisho la kuwapenda adui, baada ya Baba anayewaangazia jua lake waovu na wema. Na Luka, akilisimulia fundisho hilo, anaandika: "Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma." Miaka yote hii nimekuwa nikiomba nisiwe na doa ili nisione aibu mbele za watu. Bwana alikuwa anazungumza habari ya kupenda. Maombi yangu mengi, nikiri tu, yalikuwa kiburi kilichovaa mavazi ya ibada.

Nilikuwa nimepanga kuendelea na mwiba wa Paulo, ule aliosema alipewa katika mwili, lakini nauacha. Hatukuambiwa ulikuwa nini, na tumeshaufanya kichaka cha kujifichia. Roho alinisimamisha kwa Petro.

"Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta vile vile kama vile wapepetavyo ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Luka 22. Tumeusoma mara ngapi? Usomeni tena taratibu. Bwana alijua jogoo atawika. Angeweza kuomba Petro asimkane. Angeweza kumtuma akalale nyumba nyingine usiku ule, mbali na ua wa Kuhani Mkuu. Hakufanya hivyo. Aliomba imani isitindike, na papo hapo, kabla ya kosa, akampa kazi ya kufanya baada ya kosa. Utakapoongoka. Anguko lilikuwa bado halijatokea na tayari Bwana alikuwa anazungumza habari za ng'ambo yake.

Kwa nini amwache apite huko? Mtazameni Petro wa usiku ule ule, kabla ya kuanguka. "Wajapochukizwa wote kwa ajili yako, mimi sitachukizwa kamwe." Anajipima kwa ndugu zake, na anajiona amewazidi. Petro huyo angemwimarisha nani? Angekusikia umeanguka, akakuuliza, "Imekuwaje wewe?" Nawajua wachungaji wa namna hiyo. Nimekuwa mmoja wao kwa watu niliowaongoza, na walijifunza haraka kutoniambia ukweli.

Sasa nendeni Yohana. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa, kwa sababu kulikuwa na baridi. Na baada ya ufufuo, wanafunzi wanashuka pwani wakiwa wamelowa, wamechoka, wanakuta moto wa makaa, na samaki juu yake. Neno hilo la Kigiriki limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na ni pale na pale. Bwana aliuwasha tena moto ule. Fikirini harufu ya moshi ikimfikia Petro kabla hajaongea na mtu. Kisha anaulizwa mara tatu kama anapenda, mpaka anahuzunika. Lakini hakuna aliyemwambia, "Nilikuambia." Kila jibu lilifuatiwa na kazi. Lisha wana-kondoo wangu. Chunga kondoo zangu. Lisha kondoo zangu.

Wala hakutoka pale akiwa malaika. Baada ya Pentekoste, baada ya watu kama 3,000 kubatizwa siku moja, tunamkuta Antiokia akijitenga mezani na Wakristo wa Mataifa kwa kuwaogopa watu, na Paulo akashindana naye uso kwa uso. Woga ule ule wa ua wa Kuhani Mkuu! Roho Mtakatifu angeweza kuificha habari hiyo, sisi tusijue. Imeandikwa.

Hapa naomba niseme na mtu. Wewe unayesoma haya na kushusha pumzi, ukisema "afadhali, Mungu anajua mimi ni binadamu tu", ngoja kwanza. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Petro hakusema ndivyo nilivyoumbwa. Alitoka nje akalia kwa majonzi. Kuna watu nyumbani mwako wanaoijua hasira yako kuliko unavyoijua wewe; kuna mtoto anayesikia ufunguo ukizunguka mlangoni na anaacha kucheka. Usimwambie mtoto huyo kwamba Mungu bado anakufinyanga. Mwombe msamaha, leo, kwa jina la kosa lenyewe, bila neno "lakini" katikati. Uvumilivu wa Mungu kwetu ni nafasi ya kutubu, na wengi wetu tumeupangishia udhaifu wetu chumba humo tukaukaribisha ukae. Nasema nawe nikijisemea mwenyewe. Tangu Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa na namba ya yule mama, na sikupiga.

Alhamisi nilimkuta kanisani kabla ya wengine, anapanga viti. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, mwanangu, bila kuacha kazi yake. Nikaanza maelezo marefu niliyoyaandaa njiani, kuhusu uchovu na kazi nyingi, nikasikia mwenyewe jinsi yasivyo na maana, nikayaacha. Nikasema, mama, nilikutukana, nisamehe.

Akakaa kwenye kiti alichokuwa anakishika. Akasema, "Niliusoma. Nilikuwa bado macho."

Tukanyamaza.

"Na mimi nilikuandikia majibu," akasema. "Marefu. Nikayafuta kabla sijatuma. Ungeyasoma usingekuja leo."

Kisha akanyanyuka, akanikabidhi viti vilivyobaki. "Zamu yako ni Jumapili, mwanangu. Usichelewe."