Siku Tuliyomtoa Mtoto Kodiaga

Kijana alirudi juzi na fomu ya shule, akaketi nayo mezani kalamu mkononi. "Mama mkubwa, hapa penye mzazi au mlezi niandike nani?" Nikamwambia tule kwanza.

Kijana huyu ni mwana wa dada yangu. Dada aliingia gerezani Kodiaga, Kisumu, mtoto akinyonya, na sheria inamruhusu mama kukaa na mwanawe humo hadi atimize miaka minne. Miaka hiyo ilipokaribia, watu wa upande wa baba wakaja kutoka Yala kudai damu yao, ingawa baba mwenyewe hakuwahi kwenda kumwona. Chifu akaandika barua, afisa wa watoto akaja kukagua nyumba yangu Manyatta. Wazee walitaka kujua mtoto ni wa nani. Afisa aliuliza atalala wapi, na nani atabaki naye nikienda kuuza sokoni Kibuye. Nilimheshimu kwa maswali hayo.

Siku yenyewe nilipanda matatu ya Maseno asubuhi. Nilimkuta dada amempaka mtoto mafuta hadi masikio yanameta. Alipiga magoti akamfunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, huku akinieleza bila kuniangalia: anaogopa mbwa, hajawahi kumwona, ugali wa moto hali, usiku nisizime taa, kwani amezoea kulala ikiwaka.

"Msalimie mama mkubwa."

Mtoto akasimama wima, mikono ubavuni. "Jambo, afande."

"Huyu si afande. Huyu ni wa nyumbani. Utaenda naye."

Akafikiri. Alikuwa amewaona askari wakivaa, wakitoka, wengine wakiingia. Akamshika dada shavu akamuuliza, "Mama, zamu yako inaisha saa ngapi?"

Askari wa kike aliyekuwa mlangoni aligeukia ukuta. Dada akasema, "Bado kidogo, baba. Tangulia."

Akatangulia. Nilimlea, nikampeleka kumwona mama yake kila nilipopata nauli, na dada alipotoka kijana alikuwa darasa la tano. Tulikubaliana wenyewe: muhula kwangu, likizo kwa mama yake Nyalenda.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Nayaamini maneno hayo kwa moyo wote, lakini kwetu yamegeuka mzozo. Dada amepata kazi Busia na anataka kuhamia huko na mwanawe. Ana haki, alimzaa, na amemlilia miaka yote hiyo. Mimi naomba kijana aulizwe mbele yetu wawili, na jibu lake lifuatwe hata likiniumiza. Dada anasema huo ni mzigo mzito mno kumtwika mtoto, achague kati ya mama zake. Huenda ni kweli. Jumapili tunakutana tena kwa nyanya yake, na bado sijui nitamjibu nini.