Kamera ndogo, bahari ya Kisite

Wapendwa, nimerudi kutoka Kisite, kule mbele ya kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, na picha za pono na kasa zimenifurahisha mno! Wengi mmeniuliza natumia kamera gani. Ni Olympus TG-6. Yenyewe inavumilia maji hadi mita 15, lakini mimi huitia ndani ya kasha lake la plastiki ngumu, linalohimili mita 45. Chumvi na mchanga havigusi vitufe, na roho yangu inatulia.

Siri yote iko kwenye ule mpira mwembamba unaoziba mlango wa kasha. Unywele mmoja tu ukikwama pale, maji yanaingia. Kwa hiyo naufuta usiku, taratibu, chini ya taa, kisha naupaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, kwani ikizidi inanasa uchafu. Kabla ya kuweka kamera nalizamisha kasha tupu, ndani nimetia tishu. Ikitoka kavu, twende baharini.

Kasha nalifunga chumbani kwenye ubaridi, na kipakiti cha silika ya kunyonya unyevu ndani. Ukilifunga juani ufukweni, unafungia unyevu humo, na likiingia majini kioo kinafanya ukungu.

Na jamani, msogeleeni samaki! Maji hula rangi nyekundu kwanza, hata mita 5 tu chini kila kitu kinageuka buluu.

Mkitoka, lilowekeni kasha kwenye maji yasiyo na chumvi huku mkibonyeza vitufe vyote, chumvi isigande.